Busu lililomwangusha kapteni: kuifumbua filamu ya Merry Christmas, Mr. Lawrence

Mateka wamepangwa mistari juani, wagonjwa nao wametolewa wodini, wengine hawawezi hata kusimama. Kapteni Yonoi, mkuu wa kambi, amechomoa upanga. Mbele yake amepigishwa magoti afisa mkubwa wa Kiingereza anayewasemea mateka wenzake. Kosa lake ni kukataa kutaja nani kati ya watu wake ni fundi wa silaha. Mara mateka mmoja, mrefu, nywele za dhahabu, anatoka kwenye mstari. Hakimbii wala hapigi kelele. Anatembea kama mtu anayekatiza uani kwenda kumjulia hali jirani. Anasimama kati ya upanga na shingo, anamshika kapteni mabega, anambusu shavu hili, kisha shavu la pili. Kapteni anainua upanga, mkono unamgomea, anaanguka.

Rafiki niliyekuwa naye tulipoitazama aliniuliza: "Sasa huyu kaanguka nini? Kapigwa?" Sikuwa na jibu. Nimeirudia mara kadhaa tangu siku hiyo, na naona swali lake ndilo lango la filamu nzima. Anayetaka kujua kwa nini Yonoi alianguka hana budi kwanza ajue mambo mengi ambayo filamu haimwelezi mtu.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 1983. Mwongozaji ni Nagisa Oshima wa Japani, na kisa kinatokea katika kambi ya mateka kisiwani Java, koloni la Waholanzi wakati huo, mwaka 1942, baada ya Waholanzi na washirika wao kusalimu amri mwezi Machi. Wahusika wa kushika ni wanne. Luteni Kanali Lawrence (Tom Conti) ni Mwingereza anayejua Kijapani. Sajini Hara (Takeshi Kitano) anawachapa mateka asubuhi na kucheka nao jioni. Meja Celliers, yule wa nywele za dhahabu, ni David Bowie mwanamuziki. Naye Kapteni Yonoi ni Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki pia, ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo na ndiye aliyetunga muziki wote wa filamu. Kitano naye alikuwa akijulikana kwao kama mchekeshaji wa televisheni. Kwa hiyo mwongozaji alichukua wanamuziki wawili na mchekeshaji, akawakabidhi filamu ya vita isiyo na vita, maana mapigano huyaoni kabisa.

Ukimuuliza mtu filamu inahusu nini, atakwambia: mgongano wa mila, Wajapani na Wazungu hawakuelewana. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila likiachwa peke yake linapotosha.

Aibu yenye tarehe

Kiswahili kinatenga mfungwa na mateka. Mfungwa amefungwa kwa hukumu, ana idadi ya miaka na siku ya kutoka. Mateka ametekwa, kama nyara, kama mji, kama maji ya kisima. Lawrence anajihesabu kuwa askari aliyeshindwa siku hiyo, mwenye haki zilizoandikwa katika Mkataba wa Geneva wa 1929. Japani ilitia saini mkataba huo lakini haikuuridhia, na mwaka 1942 ikasema itautumia pamoja na mabadiliko itakayoona yanafaa. Mlango wa namna hiyo unapitisha gari la mizigo.

Kwa Hara, mtu aliyekamatwa mzima ni maiti iliyochelewa kuzikwa. Kuna mahali anamuuliza Lawrence, bila kejeli, kama mtu anayetaka kuelewa kweli: afisa kama wewe unaivumiliaje aibu hii, kwa nini hujajiua? Lawrence anamjibu kwamba kwao kutekwa si aibu, ni mojawapo ya mambo ya vita. Hara anamwangalia kwa namna ambayo sisi tungemwangalia mtu anayekula mchana wa Ramadhani katikati ya baraza.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kusema: ndiyo mila yao, ndiyo damu ya kisamurai. Lakini aibu anayoisema Hara ina tarehe na ina saini. Januari 1941 jeshi la Japani lilitoa kijitabu cha maadili ya askari kilichoitwa Senjinkun, kwa jina la waziri wa jeshi, Hideki Tojo. Ndani yake askari aliagizwa asikubali kuishi na fedheha ya kuwa mateka. Fikra yenyewe ilikuwepo kabla, ila sasa ilikuwa amri.

Linganisha na kilichotokea robo karne nyuma. Mwaka 1914 Japani iliwateka Wajerumani huko Qingdao, China, na kuanzia 1917 wapatao 1,000 waliwekwa katika kambi ya Bando, kisiwani Shikoku. Walikuwa na kiwanda cha kuchapa magazeti yao, mikate yao, bendi zao. Tarehe 1 Juni 1918 mateka hao walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven yote, mara ya kwanza kwa kazi hiyo kusikika Japani, na waimbaji wakiwa wanaume watupu kwa sababu wanawake hawakuwepo. Kamanda wa kambi, Toyohisa Matsue, alitoka katika ukoo wa samurai wa Aizu, upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1868. Nyumbani kwao kushindwa walikujua vizuri.

Basi mtu akikwambia "Wajapani ndivyo walivyo kwa mateka," muulize: Wajapani wa mwaka gani? Mahakama ya Tokyo baada ya vita ilipiga hesabu kwamba katika kila mateka 100 wa Uingereza na Marekani waliokuwa mikononi mwa Japani, 27 walikufa. Waliokuwa mikononi mwa Ujerumani na Italia walikufa 4 katika 100. Hayo yalitokea ndani ya maisha ya mtu mmoja: kijana aliyesikia muziki wa Bando mwaka 1918 angeweza kabisa kuwa afisa wa kambi ya Java mwaka 1942.

Ngazi ya makofi

Anayeitazama mara ya kwanza huchoshwa na vipigo. Hara anapiga kwa fimbo, kwa ngumi, kwa teke, wakati mwingine bila sababu inayoonekana. Mateka wa Kizungu waliona ni chuki dhidi yao. Ilikuwepo, lakini kofi lilikuwa pia ndiyo lugha ya kila siku ndani ya jeshi lenyewe la Japani. Afisa alimzaba sajini, sajini koplo, koplo kuruta. Kila mmoja alipokea kutoka juu na kushusha chini.

Chini kabisa ya ngazi hiyo alikuwepo mlinzi wa Kikorea. Wakati huo Korea ilikuwa koloni la Japani, na mwaka 1942 maelfu kadhaa ya vijana wa Kikorea waliandikishwa kulinda kambi za mateka. Hawakuhesabiwa hata kuwa askari kamili. Aliyekuwa chini yao ni mmoja tu: mateka. Unaweza kukisia makofi yote yaliishia wapi.

Ndiyo maana filamu haianzi na Bowie. Inaanza na Mkorea, aliyekamatwa kwa kumwingilia mateka wa Kiholanzi, na Hara anataka ajipasue tumbo papo hapo. Mlinzi huyo anaitwa Kanemoto, na jina hilo peke yake ni historia nzima. Tangu mwaka 1940 utawala wa Japani uliwashinikiza Wakorea kuchukua majina ya Kijapani, na wengi wa ukoo wa Kim waliokota majina kama Kanemoto kwa sababu herufi ya Kim bado imejificha humo ndani. Mtu anakufa kwa desturi isiyo yake, akiitwa jina lisilo lake, na wakubwa wake wanaona wamempa heshima. Mateka wanalazimishwa kuja kushuhudia. Yule Mholanzi anajing'ata ulimi na kufa.

Oshima alijua anachokifanya. Mwaka 1963 alikuwa ametengeneza filamu ya televisheni kuhusu Wakorea waliopoteza mikono na macho wakiipigania Japani, kisha wakanyimwa pensheni kwa hoja kwamba sasa si Wajapani. Baada ya vita sheria iliwakumba walinzi kama Kanemoto kwa namna ya ajabu: Wakorea 148 walitiwa hatiani kama wahalifu wa kivita, na 23 kati yao wakauawa. Kwenye pensheni walikuwa Wakorea. Kwenye kitanzi walikuwa Wajapani.

Mkalimani

Wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video wangetokwa jasho na hii. Nusu ya mambo yake yako katika nani anazungumza lugha gani, na kwa nani. Yonoi anajua Kiingereza na anakitumia kama vazi rasmi, kila neno limepigwa pasi. Hara hajui, au hataki kujua. Celliers hajui Kijapani hata neno. Kila jambo zito linapita kinywani mwa Lawrence, na kwa hiyo pande zote mbili humpiga, mmoja kwa fimbo, mwingine kwa macho. Afisa wa Kiingereza anamshuku kwa sababu anawaelewa Wajapani mno. Yonoi anamchukia anapomweleza Wazungu. Aliyewahi kukalimani mahakamani au hospitalini, kati ya bibi anayesema Kimakonde na daktari mwenye haraka, anaijua hali hiyo: likisemwa neno baya, lawama ni ya aliyelitamka, si ya aliyelituma.

Lawrence hakutungwa kutoka hewani. Filamu imetokana na maandishi ya Laurens van der Post, Mzungu wa Afrika Kusini, hasa kitabu chake cha 1963, The Seed and the Sower. Yeye mwenyewe alitekwa Java mwaka 1942 akakaa kambini hadi vita vikaisha. Alikuwa amewahi kwenda Japani akiwa kijana, mwaka 1926, akaokota lugha kidogo. Kwa maelezo yake, askari wa Kijapani walipomjia mbio na singe alipaza sauti kwa Kijapani cha adabu tupu akiwaomba wamwie radhi na wasubiri kidogo, wakashangaa, wakasimama. Baada ya kifo chake mwandishi wa wasifu wake alionyesha kwamba mzee huyo alikuwa na tabia ya kuyatia chumvi maisha yake, kwa hiyo usikimeze kisa hicho bila kutafuna. Mimi nakipenda hata hivyo. Heshima iliyotamkwa kwa lugha ya adui inamchanganya adui kuliko risasi, na filamu nzima imejengwa juu ya wazo hilo.

Wanaume wawili wenye deni

Yonoi ana siri. Tarehe 26 Februari 1936 maafisa vijana wa jeshi, wakiwa na askari wapatao 1,400, waliasi mjini Tokyo, wakaua vigogo wa serikali na kuteka katikati ya mji. Siku tatu baadaye wakazimwa, na viongozi wao wakapigwa risasi. Yonoi anamwambia Lawrence kwamba alikuwa mmoja wao kimawazo, ila miezi mitatu kabla alihamishiwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Wenzake wakafa. Yeye yupo. Ukali wake wote, upanga alfajiri, kufungisha mateka njaa ili roho zao zitakate, ni wa mtu anayejaribu kulipa deni ambalo wadai wake wameshazikwa.

Celliers naye ana lake. Alikuwa na mdogo wake mwenye kibyongo na sauti ya kuimba ya ajabu. Mdogo huyo alipofika shule ya bweni aliyosoma kaka yake, wanafunzi wakubwa walimkamata kumpa "makaribisho". Msomaji aliyewahi kuitwa njuka au mono hahitaji kuelezwa zaidi. Kaka alikuwa pale pale, mwanafunzi anayeheshimika, neno lake moja lingetosha. Hakulisema. Mdogo hakuimba tena.

Sehemu hii hukosolewa kwamba inakatiza filamu na kutupeleka mbali na kambi. Nadhani wanaokosoa hawaoni Oshima anatuonyesha nini. Shule ile ya Kiingereza nayo ina safu, ina wakubwa na wadogo, ina mateso yanayoitwa desturi, na ina vijana wema wanaogeuza uso. Waingereza walikuja Java wakiwa tayari wameshapita kambi moja.

Sasa turudi kwenye lile busu. Kuna wanaosema Yonoi alianguka kwa sababu alimpenda Celliers, na filamu hailifichi: tangu siku ya kwanza, Celliers akiwa kizimbani Batavia (Jakarta ya leo) na Yonoi kwenye meza ya mahakimu, kapteni anamkodolea macho kama aliyerogwa. Wengine wanasema ni kuvunjiwa heshima mbele ya askari wake. Yote mawili yapo. Lakini mimi naegemea jambo la tatu. Yonoi ameishi akiamini kwamba mtu bora ni yule asiyeogopa kufa kwa ajili ya wenzake, jambo ambalo yeye hakupata nafasi ya kulifanya mwaka 1936. Sasa mbele yake yupo mtu huyo huyo hasa, akilifanya, tena ni Mzungu, tena mateka, mtu ambaye kwa kijitabu cha Tojo hana thamani hata ya kutemewa mate. Akimkata, anakata kile alichokuwa akikiabudu. Asipomkata, si askari. Mwili ukaamua kwa niaba yake.

Busu lenyewe, angalia, ni la mashavu mawili, la kijeshi, kama jenerali anayemvisha askari nishani. Picha inakwamakwama pale, kama moyo unaoruka pigo. Inasemekana haikupangwa, kamera ilipata hitilafu, na Oshima akaiacha hivyo.

Celliers analipa. Kamanda mpya anaamuru afukiwe mchangani hadi shingoni, aachwe juani. Usiku Yonoi anakuja peke yake, anakata kishungi cha zile nywele, anapiga saluti, anaondoka.

Wasioonekana

Filamu nisiyoilaumu naiona ni nusu filamu, na hii nina la kuilaumu. Tuko Java, lakini Wajava wako wapi? Picha zilipigwa Rarotonga, katika Visiwa vya Cook, na New Zealand, na katika kisa kizima wenye nchi ni kama majani ya mandhari. Ilhali Wajapani walisomba Wajava wengi mno kwenda kufanya kazi za shuruti, wakiitwa romusha. Kwenye reli ya Burma na Siam (Thailand ya leo), kilomita kama 415, walikufa mateka wa Kizungu zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia wanaokisiwa kufika 90,000. Wa kwanza wana makaburi yenye majina na filamu kadhaa.

Na kwetu hali ni hiyo hiyo. Miaka ile ile Kenya ilijaa mateka wa Kiitaliano kutoka Ethiopia. Ndio waliojenga lile kanisa dogo kando ya barabara ya kuteremkia Mai Mahiu. Januari 1943 mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili, si kwenda nyumbani bali kupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojifulia kwa vyuma chakavu. Wakatundika bendera Point Lenana, wakarudi kambini wenyewe kujisalimisha. Mkuu wa kambi aliwapa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia 7, kwa kuwa Mwingereza alikiona kitendo chao kuwa cha kimichezo. Mteka na mtekwa walielewana vizuri tu, kwa sababu wote walitoka mahali ambako mtu hupanda mlima kwa kujifurahisha. Walichokifikiria askari Waafrika waliokuwa zamu langoni, wengine wakisubiri kupelekwa na Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kupigana na hao hao Wajapani huko Burma, hakuna aliyewauliza.

Krismasi

Katikati ya filamu Lawrence na Celliers wamehukumiwa kufa kwa redio iliyokutwa kambini, kosa lisilo lao. Ni usiku wa Krismasi. Hara amelewa sake, anaagiza waletwe, anawatazama, anaanza kucheka, na kutangaza kwamba leo yeye ni Baba Krismasi. Anawaachia. Hakuna anayeelewa kwa nini, na nadhani hata yeye hakuelewa.

Halafu tunahamia mwaka 1946. Hara ndiye mateka sasa. Kesho alfajiri atanyongwa. Lawrence amekuja kumwona. Sajini amenyoa upara kama mtawa, ana tasbihi ya Kibudha mkononi, na amejifunza Kiingereza, kigumu, cha kuokoteza neno moja moja. Anasema yuko tayari, ila hajaelewa jambo moja: makosa yake hayakuzidi ya askari wengine. Lawrence anamweleza kwamba amekamatwa na watu wenye uhakika kuwa wao ndio walio sahihi, kama vile yeye na Yonoi walivyokuwa na uhakika wakati wao.

Wamekaa wanaangaliana. Huyu ndiye aliyewahi kumuuliza mwenzake anawezaje kuishi na aibu ya kutekwa. Naye amekaa miezi gerezani, ametekwa, yu hai, anajifunza sarufi ya walinzi wake. Lawrence angeweza kumrudishia swali lile lile. Halirudishi. Wanakumbushana ule usiku wa sake, wanacheka kidogo, kisha Lawrence anainuka kwenda.

Amefika mlangoni. Nyuma yake inapigwa kelele ya zamani, ile ile ya gwaride, iliyokuwa ikitangulia fimbo: "Lawrence!" Anageuka. Uso wa Hara umejaa kioo kizima, macho yamelowa, anatabasamu hadi jino la mwisho, na anasema kwa Kiingereza chake kipya yale maneno ambayo ndiyo jina la filamu.